Maganda ya shotigani shambani kwa watu: sumaku, kidakio au bunduki nyingine?

Mwana wa Kuze
Salaam wakubwa. Binamu yangu yuko Kent, Uingereza. Mkulima mmoja amempa ruhusa apige njiwa wanaomlia mazao. Bunduki yake ni ile inayotema ganda yenyewe kila ikilia, na mwenye shamba ameanza kununa kwa maganda yaliyozagaa. Huku kwetu Kenya uwindaji umekatazwa tangu 1977, lakini humu najua mna waliofanya kazi na wawindaji Tanzania, na wengine mko ng'ambo. Anapima mambo matatu: kidakio cha kufunga ubavuni mwa bunduki, fimbo ya sumaku, au aiuze anunue ya mitutu miwili. Mwamshauri nini?

Mzee wa Tudor
Mitutu miwili, basi. Waikunja, maganda watoa kwa mkono, watia mfukoni. Nyingine zina springi inayorusha ganda nyuma. Hizo wafunika kiganja unapofungua, ganda latua mkononi. Wageni niliowabebea bunduki Selous, wale wastaarabu, hivyo ndivyo walivyofanya.

Fundi Bamburi
Shikamoo mzee. Ila bunduki nyingine ni pesa, na huyu shida yake ni takataka tu. Aanze na sumaku. Kile kitako cha ganda hung'aa kama shaba, lakini kwenye risasi nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa. Ajaribu ganda moja kwa sumaku ya spika bovu. Likinata, fimbo itamfaa na mgongo utapona. Lisiponata, hiyo fimbo asiinunue.

Kidakio sikipendi. Nilivyoviona hushika ganda moja au mawili, ni vya watu wa kulenga visahani klabuni. Njiwa wakija kundi utakuwa wapiga au wamwaga maganda?

Mwana wa Kuze
Yeye hukaa kwenye kibanda cha wavu, hazunguki.

Fundi Bamburi
Ungesema mapema yakhe! Basi atandike turubai upande ambao bunduki inatemea, kwa nyingi ni kulia. Akimaliza akunja pembe nne, kazi kwisha. Sumaku ibaki ya yale machache yaliyorukia majanini.

Mama Likoni
Nyote mwahangaika na ganda, na ganda laonekana. Kizibo je? Ndani ya risasi, kati ya baruti na marisau (zile punje zinazompiga ndege), mna kikombe cha plastiki. Kinatoka mtutuni pamoja na marisau na kuangukia mbali, mbele ya mpigaji. Hakuna turubai wala mitutu miwili itakayokidaka, na sumaku haikijui. Mimi niliishi Norfolk, hukohuko Uingereza, kwa mwanangu. Vile vikombe twaviokota hadi ufuoni. Wenye mashamba wengi kule wanataka risasi zenye kizibo cha nyuzi za mimea, kinachooza chenyewe. Sisi hapa mifuko ya plastiki tuliiaga 2017, na huyo wa Kent akaage vikombe.

Kijana wa Mtongwe
Si anunue zile za ganda la karatasi, zioze zote?

Mzee wa Tudor
Kitako cha chuma chabaki palepale, mwanangu. Na karatasi ikishika unyevu huvimba, risasi ikakataa kuingia. Kwa mvua za Uingereza, aa.

Bi Likoni amenizidi kwenye kizibo, nakubali. Ila kuna jambo. England bata hawapigwi kwa marisau ya madini ya risasi (lead) tangu 1999, na wengi wamehamia ya chuma. Chuma ni kigumu, chataka kikombe kisichubue mtutu, kwa hiyo kizibo cha kawaida cha nyuzi hakikifai. Akitumia chuma, atafute vikombe vilivyotengenezwa kuoza, na ahakikishe bunduki yake yaruhusu.

Mwana wa Kuze
Nimempigia. Atumia marisau ya lead bado, kwa hiyo nyuzi zamfaa. Turubai analo. Mitutu miwili asema hana haja nayo kwa sasa, mzee usikasirike.

Mzee wa Tudor
Sikasiriki. Mwambie tu vikombe vya zamani aviokote kabla shamba halijalimwa, vikishafukiwa havionekani tena.