Naombeni ushauri: nihamishe cherehani kutoka Tandika kwenda Lushoto?

Fundi_Shanta

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni fundi wa mabegi, naishi Tandika, Dar. Nashona shanta, mabegi ya shule, vifuniko vya magitaa, na mahema madogo mtu akileta oda. Nina cherehani tatu, na kuna binti ananisaidia. Kazi ipo, ila kodi ya fremu imepanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, na joto la kile chumba cha bati limeanza kunimaliza.

Mwezi wa sita nilikwenda Lushoto, kule milima ya Usambara, kumwona mdogo wangu anayesoma chuo cha mahakama. Nilipanga siku mbili, nikakaa sita. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini mafundi niliowaona! Seremala anachonga viti vya saiprasi. Shamba la Irente wanauza jibini, jemu na mkate wa kuoka palepale. Akina mama wamepanga vyungu sokoni. Kijana mmoja anakodisha baiskeli za kupanda mlima, wengine wawili wana mahema ya kukodisha. Wote wanaishi kwa kazi ya mikono au kwa watu wanaopenda kutembea porini.

Siku ya nne, pale Irente kwenye jabali, nilimkuta mgeni ambaye mkanda wa shanta yake umekatika, kaufunga na kamba ya katani. Nilitoa sindano kwenye pochi nikamshonea nimekaa chini. Kiongozi wake akaniambia hajui fundi wa kazi hiyo pale mjini. Tangu siku ile silali vizuri.

Sasa naomba kuelewa kabla sijafunga virago. Kwa nini mafundi na biashara za namna hii zinajikusanya kwenye mji mdogo wa mlimani? Nisipoelewa kinachowashikilia wao, naogopa nitakuwa nimefuata hewa nzuri tu. Mtaji wangu ni milioni nne, na nina mtoto wa darasa la tano.

Mchana_Kweupe

Nafuatilia huu uzi. Mimi nina wazo kama hilo kuhusu Njombe.

Randa_ya_Baba

Karibu dada. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa Soni, karakana yangu ipo Lushoto mjini. Randa nilishikishwa na baba, naye alishikishwa na babu.

Kilichonishikilia mimi ni mti. Huku mbao ni habari ya zamani sana. Wajerumani walipouita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, walikuja kukimbia joto la pwani, lakini macho yao yalikuwa pia kwenye mierezi ya Shume. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Baadaye wakafunga waya wa kushushia magogo kutoka Shume mpaka stesheni ya Mkumbara kule chini, magogo yakining'inia hewani juu ya mabonde. Kazi ya namna hiyo haiendi bila wapasuaji, wahunzi, watu wa kunoa misumeno. Na misheni nazo, kuanzia Mlalo mwaka 1891, zilihitaji watu wa kujenga makanisa na shule. Ufundi ukabaki kwenye familia. Leo msitu wa asili umehifadhiwa, na ni haki uhifadhiwe, kwa hiyo paini na saiprasi tunazipata kwenye shamba la miti la Shume.

Cha pili ni barabara. Kutoka Mombo kupanda hapa ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Mlango wa shule ukivunjika Mlalo, hakuna anayeupeleka Tanga. Anaitwa fundi aliye karibu. Barabara inayowachosha wageni ndiyo inayonilinda mimi.

Lakini nikwambie ukweli, dada yangu. Mti wangu unaota huku. Kanvasi yako haioti huku, inatoka Kariakoo. Kinachonishikilia mimi hakiwezi kukushikilia wewe. Tafuta chako.

Njia_ya_Mtae

Mimi natembeza wageni, mwaka wa kumi na moja sasa. Kaka wa randa amesema la mti na la barabara, mimi niseme la miguu.

Mgeni anayekwenda Serengeti anashuka kwenye gari hotelini. Fundi wa njiani anamwona kupitia kioo, labda dakika tano gari likisimama kwa ajili ya choo. Huku kwetu mgeni anatembea. Nusu siku Irente, siku nzima msitu wa Magamba, na wanaojiweza siku tatu nne mpaka Mtae, kupitia Lukozi na Rangwi. Anapita mlangoni mwa watu. Anamkuta mama ana udongo mikononi, chungu kinapanda hakina hata gurudumu, kinazungukwa na mama mwenyewe. Anasimama, anauliza, anakaa. Akifika Irente ana njaa ya kweli, ndiyo maana ule mkate na jibini vinaisha. Fundi wa huku hahitaji kibao kikubwa, kwa sababu mteja anafika akiwa na mwendo wa binadamu.

Chungu nacho kinanifurahisha kukieleza. Ukikipakia kwenye basi, kona za Soni zitakivunja. Kwa hiyo kinauzwa karibu na kinapochomwa, na wanaokitaka inabidi waje.

Kuhusu kazi yako, nikutajie vinavyoharibika mikononi mwangu msimu hadi msimu: zipu za mahema, mikanda ya shanta, klipu za kiunoni, soli za viatu kubanduka siku ya pili ya safari. Wageni wanaokuja kutafuta vinyonga, au kuona lile ua dogo la zambarau ambalo mabustani ya Ulaya yamejaa nalo tangu walipolipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, hawa wanapiga magoti kwenye matope, wanalala chini na kamera. Mabegi yao yanateseka. Mimi mwenyewe nina mahema mawili yamekaa stoo kwa sababu ya zipu. Mahema mazima kabisa! Inaniuma kila nikiyaona.

Ngozi_Halisi

Dada, sitaki kukuvunja moyo. Nataka tu usiumie nilivyoumia mimi.

Mwaka 2018 nilitoka Arusha nikafungua duka Lushoto, nashona makubadhi ya ngozi yenye shanga. Nililipa kodi ya mwaka mzima mkupuo mmoja. Kuanzia Julai hadi Septemba niliuza vizuri, nikampigia mke wangu simu nikamwambia tumepata kwetu. Desemba kidogo. Masika yalipoingia, Machi hiyo, ukungu unashuka mpaka mlangoni saa nane mchana, udongo unaporomokea barabarani, mgeni haji. Aprili niliuza jozi mbili. Mbili. Mei sikuuza kitu. Mwenye nyumba naye akataka kuongeza kodi mkataba ulipoisha. Nilifunga nikiwa na deni, na lile deni nililipa kwa miaka miwili.

Mtaa wa nyuma yangu kulikuwa na mzee anashona viatu vya wenyeji. Mabuti ya shamba, viatu vya wanafunzi, viatu vya mpira vya mvua. Masika ndiyo ilikuwa msimu wake! Mimi nilishona kitu ambacho mwenyeji hakihitaji, nikawategemea watu wa miezi minne wanilishe miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo usiulize wageni ni wangapi. Uliza mtu wa Lushoto mwenyewe anahitaji nini cha turubai mwezi wa nne.

Mama_Karoti

Mwezi wa nne nahitaji turubai la lori.

Mimi nashusha mboga kutoka Lukozi kwenda Dar, kabichi, karoti, viazi, na msimu wake peasi na fyulisi. Mvua ikinyesha mzigo unaoza kabla ya Chalinze kama turubai limechanika. Likichanika nalishusha mpaka Korogwe kushonwa, nalingoja siku mbili. Tuko wengi wa namna hii. Bodaboda nao wanataka vifuniko vya viti na vya miguu, hapa kuna baridi na tope. Mdogo wangu njoo.

Wanjiku_Nanyuki

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni mfumaji, niko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Yale mnasema nayaona hapa kwetu pia.

Hapa akina mama walianza kusokota sufu kwa sababu kondoo wako Laikipia, karibu. Halafu wapandaji wa mlima wanapitia mji huu wakielekea njia ya Sirimon, na usiku huko juu ni baridi kali, so mtu ananunua sweta na kofia kwa sababu anazihitaji, si kwa sababu anatuonea huruma. Hilo ndilo ningependa dada azingatie. Ukiwa mji wa pwani utauza kitu cha kupamba nyumba. Ukiwa mji wa mlima unauza kitu ambacho mtu atakivaa kesho asubuhi, na akirudi atakwambia kama kilimsaidia. Kazi yangu imekuwa nzuri zaidi kwa sababu ya hao watu wanaorudi na kuniambia mshono umeachia wapi.

Mahali pengine ningefuma miaka kumi bila kuambiwa.

Fundi_Shanta

Nimesoma yote mara mbili, na ya kaka wa ngozi mara tatu. Poleni sana kaka, na asante kwa kusema wazi.

Niulize mengine. Nikija, kanvasi na klipu nitazitoa Kariakoo kwa basi? Na mambo ya leseni yakoje, nina TIN (namba ya mlipakodi) ya Dar. Na mtoto je, shule?

Randa_ya_Baba

Shule zipo, za serikali na za misheni, hilo lisikuumize kichwa. Ila mnunulie sweta kabla hamjapanda.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, TIN ni hiyohiyo, unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kuwajulisha umehamisha mahali pa biashara. Leseni ya biashara utaomba upya halmashauri ya Lushoto, maana ya Dar ni ya fremu ya Dar. Fanya hivyo kabla ya kutundika begi hata moja.

Lipo pia lile fungu la halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanawake wanakopeshwa kwa kikundi, kwa hiyo hutalipata siku unayoshuka kwenye basi. Jiunge na wenzako kwanza, wakujue. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi Tanga mjini, kawaone kuhusu mashine.

Ngozi_Halisi

Kuhusu kanvasi: ndiyo, itapanda kwa basi, na hapo umebahatika kuliko seremala. Shanta kumi zilizokunjwa zinaingia kwenye kiroba kimoja. Wateja wako wa Dar usiwaachie, wanaweza kuagiza ukawatumia kwa basi hilohilo likishuka. Mimi wateja wangu wa Arusha niliwaaga. Nisingewaaga.

Na ombi moja. Kila mtu atakwambia njoo Agosti ujaribu. Agosti Lushoto itakudanganya kama ilivyonidanganya mimi. Njoo Aprili. Njoo na cherehani moja, kaa wiki sita, usilipe kodi ya mwaka. Ukiweza kula Aprili na Mei, miezi mingine haitakutisha.

Fundi_Shanta

Kaka, hilo la Aprili limenitoa jasho, lakini nimelielewa.

Nimeongea na binti anayenisaidia. Atabaki Tandika na cherehani mbili, mabegi ya shule atayamudu. Mtoto atabaki kwa mama yangu hizo wiki sita, sitamhamisha kwa jaribio. Mimi nitapanda mwanzoni mwa Aprili. Mama Karoti, naomba upime turubai la lori lako urefu na upana, na unihesabie macho ya kamba, ili nije na pete za kutosha. Kaka wa Mtae, zipu za mahema yako ni namba ngapi? Imeandikwa nyuma ya kile kichwa cha kuvuta.

Njia_ya_Mtae

Nimekwenda stoo sasa hivi na tochi. Moja ni namba 8, nyingine imefutika, lakini ni nene kuliko hiyo. Njoo na 8 na 10.

Mama_Karoti

Turubai nitalipima kesho lori likirudi. Na wenzangu wawili wa Lukozi nimewaambia, wanasema wanakusubiri.

Randa_ya_Baba

Mimi mvua zikianza nafunga upande mmoja wa karakana, mbao hazikauki. Upande huo una dirisha na meza ndefu. Usipange fremu hizo wiki sita, kaa hapo, utanishonea mfuko wa patasi tutakuwa hatudaiani. Tatizo ni umeme, Aprili unakatika sana. Cherehani yako ni ya mota?

Fundi_Shanta

Ni ya kukanyaga, kaka. Nakuja nayo.