Waya za meno au alaina: kipi kinauma zaidi? Tupeane uzoefu

Mama Binti: Habari wanajamvi. Daktari ametupa hiari kwa binti yangu wa kidato cha pili: waya za kubandikwa, au alaina, zile trei za plastiki angavu za kuvaa na kuvua. Bei tumeshaambiwa. Nataka kujua maumivu. Mliovaa, semeni.

Kidawa wa Pwani: Nilivaa waya. Unatoka kliniki huna neno, usiku ndio meno yanaanza kukaza. Siku mbili tatu hata mkate hautafuniki. Nilikuwa wa uji, mtori na panado. Kisha yanatulia mpaka waya ukazwe tena. Lakini kilichonitesa hasa ni mashavu. Vile vyuma vidogo vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya vinachubua mpaka vidonda. Dada, omba nta ya meno siku hiyohiyo: unafinyanga kipande, unakibandika juu ya chuma kinachochoma. Asukutue na maji ya chumvi ya vuguvugu. Ndani ya mdomo hukomaa baadaye, ila mwanzo ni mgumu.

Mzee wa Arusha: Meno yetu wengi wa huku yana madoa ya floraidi, yale madini ya kwenye maji, na gundi haikushika vizuri: kwangu vyuma vilibanduka mara kwa mara. Kikibanduka, waya unachoma shavu. Muulize daktari wako.

Saidi K: Mimi ni alaina. Hazichubui kama chuma, ila anayesema haziumi anakudanganya. Kila trei mpya, baada ya wiki moja au mbili, meno yanabanwa upya. Mimi huivaa wakati wa kulala, ukali unapita nikiwa usingizini. Kuvua ndiyo kazi, maana daktari hubandika vijinundu kwenye meno ili trei ishike. Na inatakiwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukitaka chai, uvue, unywe, upige mswaki, uvae. Binti ataweza hayo shuleni?

Tabibu wa Meno: Vyote vinasukuma jino, na nyuzi zinazolishika kwenye mfupa zinabanwa, ndiyo maana maumivu ya jino hayaachani sana. Hupanda siku ya kwanza, hupungua ndani ya wiki. Yakizidi badala ya kupungua, mrudishe kliniki.

Mama Binti: Mungu awabariki. Anacheza netiboli, je?

Kidawa wa Pwani: Acheze. Aombe kinga ya mdomo yenye nafasi ya kukaa juu ya waya. Mpira ukimpiga, vyuma havitampasua mdomo.