Nitafute mbegu gani ya viazi vitamu, Ruai na Kikuyu?

Ngwaci_Ruai:
Hamjambo wakulima. Nina robo ekari Ruai, ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha gambuti inakuwa nzito kama jiwe. Mama naye ana kipande Kikuyu, udongo mwekundu, na baridi ya Julai ya huko mnaijua. Msimu uliopita nilinunua marando (vipande vya shina vya kupanda) kando ya barabara, muuzaji akaapa ni aina ya Kabode na kwamba nitavuna tani 8 kwa ekari. Nikapanda kote kuwili. Kikuyu vilichelewa lakini vikatoka. Ruai nilichimbua viazi kama vidole, na vichache vilivyonenepa wadudu fukusi walikuwa wamevitoboa. Naomba mnitajie mbegu moja inayozaa sana, nipande kote mvua za Oktoba zikianza.

MzeeWaMatuta:
Kijana wangu, hiyo "moja" ndiyo itakayokutesa. Mbegu inayoongoza Busia, kule kwenye joto, inaweza kushika mkia kwako. Kiazi kitamu kinapenda joto la kama digrii 24, likishuka chini ya 15 kinazubaa. Kikuyu basi mpe mama muda, asichimbue kwa kuhesabu miezi minne ya Busia.

Ruai shida ni tofauti. Udongo ule ukilowa unasimamisha maji, mizizi inakosa hewa. Ukikauka unapasuka, na fukusi anashukia kwenye zile nyufa kutaga. Inua matuta yafike magotini, rudishia udongo kila ukiona ufa, na vikikomaa usiviache ardhini ukingoja bei.

Kibanda_Githurai:
Mimi nachemsha viazi vya chai ya asubuhi. Kabla hujahesabu tani, muulize anayekula. Wateja wangu wanataka kikavu, cha unga. Niliwahi kuletewa vya rangi ya karoti vikawa maji matupu, nikabaki navyo.

Shambani_Kabete:
Dada, vya karoti havifanani vyote. Kwa jina la watafiti Kabode ni NASPOT 10 O, na aina nyingine iitwayo Vita ni NASPOT 9 O, zote za Uganda, zilitolewa huko mwaka 2007, na Kabode halisi ina unga. Ile rangi ni beta karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ipo pia SPK 004, wengine huiita Kakamega.

Ila Ngwaci, mimi nashuku ulichonunua. Majani ya Ruai yalikuwaje?

Ngwaci_Ruai:
Madogo, yamekunjamana, yamepauka. Nilidhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza.

Shambani_Kabete:
Hapo basi. Hivyo ni virusi, na mara nyingi huwa viwili kwa pamoja: kimoja huletwa na vidukari, kingine na inzi weupe. Marando yakishaugua, hata mbegu bingwa haizai, na mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni inanenepesha majani tu. Tafuta marando safi, ulizia KALRO, wale watafiti wa kilimo wa serikali, pale Kabete, Waiyaki Way. Ukipata, tenga kitalu chako mbali na shamba la zamani, ung'oe kila shina linalokunjamana. Usikate tena mbegu kwenye shamba la kuvuna!

MzeeWaMatuta:
Sasa fanya hivi. Chukua aina nne, na mojawapo iwe ile ya kienyeji ambayo majirani wa Ruai hawaiachi (wana sababu). Kila aina matuta matatu ya mita tano, Ruai na Kikuyu, siku zikaribiane. Usipange aina moja yote upande wa bondeni, changanya. Ukivuna pima tuta la katikati peke yake, la pembeni hudanganya. Kilo moja kwa mita mraba ni kama tani 4 kwa ekari. Tenga vilivyotobolewa, uvipime kivyake. Kisha rudia msimu wa mvua ndefu, maana Oktoba moja inaweza kuwa na El Niño ikakupoteza.

Kibanda_Githurai:
Na uniletee vinne vinne vya kila aina nichemshe, sufuria moja moja. Nitakwambia kipi kimeisha kwanza.

Ngwaci_Ruai:
Asanteni sana. Nimempigia mama, amekubali matuta kumi na mawili, ila anauliza majani ni ya nani. Nimemwambia ni ya ng'ombe wake, asiyakate tu kabla sijapima.

MzeeWaMatuta:
Atayakata. Weka ua.