Safari ya Taglit: siku 10 zinambadilisha kweli kijana wa Kiyahudi?

Kalamu_Nyeusi:
Wakuu, heshima kwenu. Wanaoijua vizuri Taglit, ile safari ya bure inayowapeleka Israeli vijana wa Kiyahudi wanaoishi nje, wengi wao Wamarekani, naomba mnieleweshe mambo mawili. Athari yake inapimwaje, ikiwa anayejiandikisha tayari ana mapenzi na Israeli? Na ndani ya safari yenyewe, ni kitu gani hasa kinachomgusa kijana?

Mizani:
Mkuu, hilo la kwanza ndilo gumu. Ukiwahoji waliokwenda peke yao hujapima kitu. Kilichookoa utafiti ni kwamba kwa miaka mingi tangu safari zianze mwishoni mwa 1999, waombaji walizidi nafasi. Kwa hiyo wapo waliotimiza masharti, wenye hamu ileile, ila wakakosa nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, wakiongozwa na Leonard Saxe, wanayafuatilia makundi yote mawili, na mradi wao wa muda mrefu ulianza 2009, ili wawafikie watu hawa hadi wanapooa na kulea watoto.

Tofauti imeonekana. Waliokwenda wana ukaribu mkubwa zaidi na Israeli, na uwezekano wa kuoa au kuolewa na Myahudi mwenzao ni mkubwa zaidi. Hilo la ndoa lisome kwa wasio wa Orthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini kwa ukali. Wayahudi wa Orthodoksi huoana wenyewe kwa wenyewe hata bila safari, ukiwachanganya humo unaififisha tofauti.

Angalia pia nani anaingia kwenye kundi la kulinganisha. Aliyepewa nafasi akaghairi si sawa na aliyenyimwa. Huenda hamu yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na akihesabiwa humo safari inaonekana na nguvu kuliko ilivyo. Upande wa pili, aliyekosa nafasi kisha akaenda Israeli kwa njia nyingine anaipunguza tofauti.

Njia_ya_Nyoka:
Nijibu la pili. Kinachofanya kazi zaidi ni kundi lenyewe. Watu wapatao 40 kwenye basi moja, viongozi wawili waliotoka nao, mtembezaji Mwisraeli na mlinzi. Kisha wanaungana na Waisraeli wa rika lao, wengi wakiwa wanajeshi, na sehemu hii huitwa mifgash. Hapo ndipo waandaaji huharibu. Waisraeli wakija siku mbili za mwisho, urafiki wa kundi umeshafungwa na wao wanabaki wageni. Wakae siku tano au zaidi, walale vyumba vya mchanganyiko wa wenyeji na wageni (wavulana kwa wavulana, wasichana kwa wasichana), maana mazungumzo ya maana huanza usiku, mtembezaji akishalala.

Kosa la pili ni mpangilio wa siku. Masada, ngome ya kale juu ya mlima jangwani, hupandwa alfajiri kwa Njia ya Nyoka, njia ya miguu yenye kona nyingi, kabla jua halijawa kali, halafu watu wanateremka hadi Bahari ya Chumvi. Ukiwapeleka Yad Vashem, kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, mchana huohuo utapata watu 40 wanaosinzia mbele ya picha za waliouawa. Pale panataka asubuhi yake, muda wa saa tatu nzima ndani, na saa moja ya kukaa duara baadaye bila mtu kukimbizwa kwenye basi. Jumba la makumbusho lililofunguliwa 2005 limejengwa ili unapotoka gizani ukutane na vilima vya Yerusalemu. Mlima Herzl, wenye makaburi ya wanajeshi, uko jirani, ndiyo maana wengi huviunganisha. Hapo mwachieni mwanajeshi wa kundi aongee, si mtembezaji.

Na Sabato isijazwe ratiba. Basi limesimama, waache wapumzike.

Bint_Rashid:
Naongeza, ndugu zangu. Wakosoaji wana hoja kwamba sauti ya Wapalestina haisikiki vya kutosha. Mwaka 2018 baadhi ya washiriki waliyaacha makundi yao njiani kwa sababu hiyo. Mtembezaji anayekwepa swali kuhusu Ukingo wa Magharibi anapoteza imani ya kundi hata kwenye mambo anayoyajua vizuri.

Pia athari inahitaji pa kutua. Mwanafunzi akirudi anakuta chuoni Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi, na mlo wa Sabato Ijumaa hiyohiyo. Aliyeshaanza kazi hana anwani kama hiyo. Asipoalikwa na mtu ndani ya wiki chache, kinachobaki ni kundi la WhatsApp.

Kalamu_Nyeusi:
Shukrani sana. Na masharti ya kujiunga?

Mizani:
Umri miaka 18 hadi 26. Kuna kipindi walifika 32, kisha wakarudisha. Awe na mzazi mmoja Myahudi au mwenyewe awe ameingia rasmi dini ya Kiyahudi, na awe hajawahi kwenda kwa safari ya kielimu ya aina hiyo na vijana wenzake akiwa mtu mzima. Amana unayolipa kushika nafasi hurudishwa baada ya safari. Wanaokwama mara nyingi ni waliozaliwa na mzazi Mwisraeli: kisheria mwenye uraia wa Israeli anaingia na kutoka kwa pasi ya Israeli, hata kama ana ya Marekani, na suala la utumishi wa jeshi lazima limalizwe ubalozini kabla ya kukata tiketi.