Roboti ya kwanza darasani: seti kamili au bodi na waya?

Mtoa mada

Wakuu, habari zenu. Shule inayotaka kufundisha roboti kwa mara ya kwanza ianze na kifaa gani? Kwenye vikao swali hili huishia kwenye bei, kisha watu wanatawanyika. Leo bei tuiweke kando.

Kambi ya kwanza inataka seti kamili, za aina ya LEGO: vipande vinashikana, mtoto anaburuta bloku za amri kwenye skrini, roboti inaondoka. Kambi ya pili inaona huo ni mchezo tu. Wao wanasema mpe mwanafunzi bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa), mota mbili, betri na waya, ahangaike. Atatoka hapo anajua umeme na kodi, yaani maandishi ya programu, kwa mpigo.

Mimi nina kigezo kimoja. Roboti ikigoma katikati ya kipindi, je, mwalimu ambaye hakusomea uhandisi ataweza kujua tatizo liko wapi kabla kengele haijalia? Kifaa kisichompa nafasi hiyo kitaishia kabatini, kiwe kizuri namna gani.

Kwa kigezo hicho nachagua micro:bit, bodi nyingine ndogo ya kompyuta, ikiwa imechomekwa kwenye kigari cha magurudumu mawili ambacho mota zake zimeshaunganishwa. Bodi hii ilibuniwa kwa ajili ya darasa tangu mwanzo: mwaka 2016 BBC iligawa bure bodi kama milioni 1 kwa wanafunzi wa mwaka wa 7 huko Uingereza. Juu yake kuna taa ndogo 25, vitufe viwili, dira na kihisi cha mwendo. Toleo la pili la mwaka 2020 likaongeza spika na maikrofoni. Kwa hiyo vipindi vya mwanzo havihitaji waya wowote zaidi ya kebo ya USB. Ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama flashi, unanakili faili, basi. Asiye na bodi mkononi anaendelea na simuleta, yaani bodi ya kuigiza kwenye skrini, iliyomo kwenye MakeCode, programu ya kuipangia amri kwa bloku. Mkihamia MicroPython, lugha ya Python ya bodi ndogo, na kosa likatokea, bodi yenyewe inapitisha ujumbe kwenye taa zake, pamoja na namba ya mstari wenye kosa. Aliyewahi kusimama mbele ya bodi iliyonyamaza kimya, huku wanafunzi wanamtazama usoni, anajua thamani ya namba hiyo.

Karibuni, ila tubishane kwa hoja.

Fundi wa vifaa

Mkuu, Arduino umeipiga teke mapema mno. Ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao umeme hawakuusomea. Tatizo lako la mwalimu asiye mhandisi ndilo lililoizaa! Michoro yake iko wazi, viwanda vingi vinaitengeneza, na ile aina yake ya Uno yenye chipu ya kuchomoa ikiungua unabadilisha chipu, kazi inaendelea. Micro:bit yako ikiungua utafanya nini zaidi ya kuitupa?

Halafu hicho kigari kilichokwisha kuunganishwa kinamnyima mtoto somo lenyewe. Chukua zile mota mbili za njano, toleo moja, kiwanda kimoja, zipe nguvu sawa. Roboti itapinda. Mtoto atakuja kulalamika kwamba kodi yake iko sawa, na kweli iko sawa. Hapo ndipo anaanza kucheza na namba za nguvu ya mota, kati ya 0 na 255: kushoto 200, kulia 185, anajaribu tena, mpaka inyooke. Hayo kwenye bloku utayapata wapi?

Mtoa mada

Utayapata palepale, fundi. Mota hupinda hata kwenye kigari changu, na bloku ya mwendo ina nafasi ya kuandika namba kwa kila upande. Somo la mota ni zuri sana, ila Arduino haina hatimiliki nalo.

Mwalimu wa fizikia

Naomba niingilie, na nitaegemea kwa mtoa mada ingawa Arduino naipenda. Tuliangalie kosa moja kwa karibu, maana ndilo linalokula vipindi.

Kundi limefunga Arduino, kidhibiti cha mota cha L298N na betri nne za AA. Roboti inaondoka, inasogea kidogo, inakwama, inaanza upya kana kwamba imesahau ilikuwa inafanya nini. Wanafunzi wanaikimbilia kodi: wanafuta, wanaandika, wanafuta tena. Kodi haina shida. Betri nne mpya zina volti 6 hivi. L298N peke yake inameza karibu volti 2, mota zinabaki na 4. Na mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ikiwa tayari kwenye mwendo, kwa hiyo betri zilizochoka zinashuka volti ghafla, bodi inazima, inawaka, na programu inaanza tena mstari wa kwanza. Kwenye skrini ya kompyuta hakuna onyo lolote.

Ukiwa na multimeta, kile kipimo cha umeme, unaweka ncha zake kwenye betri, unamwambia mwanafunzi awashe mota, na darasa zima linaona namba inaporomoka. Kwangu mimi hilo ni somo la ukinzani wa ndani wa betri kuliko mchoro wowote wa ubaoni, na ningelipangia kipindi kizima bila kujuta. Lakini ningelipanga mimi. Likija bila kualikwa, katika makundi manane, pale kihisi cha umbali cha HC-SR04 kimefungwa kinyume, kule hasi ya betri ya mota haijaungana na hasi ya bodi, hapa waya umelegea tu, basi mwalimu anakimbia meza hadi meza na hakuna aliyefika kwenye wazo la siku hiyo.

Fundi, wewe unaona kosa la waya kwa jicho tu. Mwenzako wa hisabati aliyepewa klabu ya roboti kwa sababu ana ratiba nyepesi haoni.

Fundi wa vifaa

Basi afundishwe kuona. Tunawafundisha walimu wa kemia kushika tindikali, tutashindwa waya wa volti 6?

Mwalimu wa darasa la pili

Jamani, hamjambo? Mnaongea kana kwamba watoto wote wako sekondari. Wangu wengine bado wanasoma kwa kupitisha kidole kwenye mstari, MicroPython wataifanyia nini?

Sisi tunatumia Bee-Bot, kile kinyuki cha vitufe mgongoni. Mbele sentimita 15, nyuma sentimita 15, kugeuka nyuzi 90, skrini hakuna. Msidhani ni cha kitoto. Kinatunza amri za zamani mpaka ubonyeze kitufe cha kufuta. Mtoto anabonyeza mbele mara mbili akitarajia hatua mbili. Kinyuki kinaanza na safari yote ya mwenzake aliyemtangulia, ndipo kinafuata na zake. Wanacheka, wanabishana, halafu mmoja anasema, "Mwalimu, bado kinakumbuka ya kwake." Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta, na imetoka mdomoni mwa mtoto.

Kabla ya kubonyeza, mtoto anatembea njia hiyo mwenyewe sakafuni. Wazo hilo tumelirithi kwa Seymour Papert na wenzake wa Logo, lugha ya kuwafundisha watoto kuandika programu, iliyoanza mwaka 1967. Kwa wakubwa kidogo ipo pia Thymio, iliyobuniwa chuo cha EPFL huko Uswisi: ikiwaka kijani inakufuata, ikiwaka nyekundu inakukimbia. Unawaacha watoto wakisie kanuni iliyomo ndani kabla hawajaandika hata amri moja.

Mtoa mada

Dada mwalimu, hapo sina ubishi nawe. Hoja yangu inaanzia kwa mtoto anayeweza kusoma sentensi bila msaada.

Mlezi wa klabu ya mashindano

LEGO mmeitaja kwa kuidharau, kisha mkaiacha. Mwambieni mtoto afunge gia ya meno 8 izungushe ya meno 24: mwendo unapungua mara tatu, nguvu ya kusukuma inaongezeka, naye anaisikia kwa kidole. Haikumfaa? Anabomoa na kujenga upya hapohapo. Kigari cha mtoa mada kina umbo lilelile kuanzia siku kilipotoka kwenye boksi. Uhandisi uko wapi? Mashindano ya FIRST LEGO League yapo tangu 1998, na mwalimu mgeni anakuta kila mwaka changamoto imeshaandaliwa, kanuni zimeshaandikwa, anaanza kazi. Kwa mwalimu asiyejua aanzie wapi, hilo peke yake linatosha kuamua.

Mtoa mada

Mlezi, la gia nakuachia, micro:bit haikufikii hata karibu. La kanuni zilizoandaliwa pia lina uzito.

Ninaposita ni hapa. Mindstorms, familia ya seti za roboti za LEGO, ilitoka 1998, ikaja NXT mwaka 2006, EV3 mwaka 2013, na mwisho wa 2022 LEGO ikaifunga familia nzima. Plastiki haikuharibika, mota bado zinazunguka. Kinachokufa ni programu ya kwenye kompyuta: mfumo unasasishwa, programu haifunguki tena, na hakuna wa kuirekebisha. EV3 ilipata bahati ya mradi wa Pybricks, ambao kodi yake iko wazi na unakuwezesha kuiendesha kwa Python. Anki, waliotengeneza kiroboti cha Cozmo, walifunga mwaka 2019. Wala Arduino haiko nje ya mambo haya: Oktoba 2025 kampuni ya chipu ya Qualcomm ilitangaza kuinunua. Tofauti ni kwamba michoro yake imeshasambaa, hakuna anayeweza kuirudisha kabatini.

Kwa hiyo kabla shule haijalipa, naomba jaribio moja lifanyike mbele ya muuzaji. Zima intaneti. Usifungue akaunti yoyote. Ingiza programu mpya kwenye roboti. Ikikataa, mjue mmekodi, hata kama risiti inasema mmenunua. Na msiniambie micro:bit iko salama kwa sababu tu naipenda. MakeCode nayo ijaribiwe hivyohivyo, kwenye kompyuta ambayo tayari ilishaifungua ikiwa na intaneti, maana hapo ndipo inapofanya kazi bila mtandao.

Upande wa mwalimu kujifunza, mimi ningemwambia achague kazi moja na aing'ang'anie: roboti ifuate mstari mweusi. Anaanza na vihisi viwili, cha kushoto kikiona nyeusi ageuze kushoto, cha kulia vivyo hivyo. Kisha aondoe kimoja, roboti iende zigizaga kwenye ukingo wa mstari. Kisha aifanye igeuke kidogo ikikosea kidogo na igeuke sana ikikosea sana. Katika kazi hiyo kuna masharti, kurudia, vipimo, hata mwanga wa dirishani unaovuruga kihisi mchana. Mwalimu aliyeipitia yote mwenyewe hatishiki na maswali ya wanafunzi, na anaweza kuifanya kwa kifaa chochote mlichokitaja hapa.

Fundi wa vifaa

Sasa umesema la maana, ila umejimaliza mwenyewe. Kama kazi hiyo inawezekana kwa kifaa chochote, kwa nini nisimpe Arduino tangu siku ya kwanza?

Mtoa mada

Kwa sababu ya makundi manane ya mwalimu wa fizikia. Kwa kidato cha juu, wenye multimeta kila meza, nakupa mkono. Aliyeanza na Arduino kwa wanafunzi wa miaka 11 hivi, mwalimu mmoja, bila fundi pembeni, aje atueleze alipangaje kipindi chake cha kwanza.