Mrejesho: bonsai ya kwanza, bogenvila au mkomamanga?

Wakuu, niliuliza mti upi unamfaa anayeanza bonsai (mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chungu) ya maua au matunda: bogenvila, mkomamanga au mlimau. Mlishauri bogenvila, na mlikuwa sahihi. Asanteni sana.

Mlimau nimeuacha. Majani ya bonsai hupungua ukubwa, tunda halipungui, kwa hiyo limau moja tu linaharibu uwiano wa mti mzima. Mkomamanga wa aina fupi unafaa, ila maua yake hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Ukipunguza kila wiki unayakata yote.

Bogenvila ichagueni kwa shina, si kwa maua: nene pale chini, kuanzia dole gumba. Udongo ni sehemu 2 za changarawe ya milimita 3 hadi 5 kwa sehemu 1 ya mboji. Mizizi hukatika upesi mno, hivyo msiukung'ute udongo wote wakati wa kuhamisha. Kisha kivulini wiki 2 au 3. Waya wa kukunja matawi ni kwa matawi machanga tu, tawi la zamani hupasuka.

Ikigoma kuchanua, mara nyingi ni maji mengi, kivuli au mbolea yenye naitrojeni nyingi. Ipate jua kwa muda wa saa 6 kila siku, mwagilia udongo wa juu ukishakauka. Halafu tazameni kwa karibu: ile rangi ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kale kamrija keupe katikati.