"Shokapu ya Hilux" siyo jibu! Wauza spea wa Arusha na Moshi, shikeni futi mpime

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyependa makelele apite.

Ukiingia dukani kuulizia shokapu za pikapu ya zamani, iwe Arusha au Moshi, swali ni moja tu: "Gari gani, bosi?" Ukijibu Hilux, kijana anapanda ngazi, anashuka na boksi, anapangusa vumbi na kutaja bei. Hajauliza namba ya modeli. Hajauliza kama mbele kuna springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa) au tosheni baa, chuma kirefu kinachojinyonga badala ya springi. Hajauliza kama nyuma pameongezwa majani. Tundu la chini la shokapu, pale inapopita bolti, likikatika baada ya muda mfupi, wanakwambia barabara ni mbovu. Barabara ni mbovu kweli, ila hiyo shokapu haikuwa ya gari hilo tangu ikiwa kwenye boksi.

Hilux siyo gari moja, jamani. LN85 ya kuvuta tairi mbili ina tosheni baa mbele. LN106, bodi ya 1988 hadi 1997, ina ekseli nzima mbele na springi za majani pande zote. Kwa mbali ni ndugu, chini hazifanani hata kidogo. Land Cruiser pikapu ni hivyo hivyo: 75 ina majani mbele na nyuma, 79 iliyoanza 1999 ina koili mbele na majani nyuma. Namba ya modeli ipo kwenye kibati cha chumba cha injini, kuisoma ni nusu dakika. Namba za Toyota za shokapu za mbele zilizo peke yake, zisizokaa ndani ya koili, huanza na 48511, za nyuma 48531. Muuzaji asiyejua hata hapo pa kuanzia anabahatisha kwa hela yako.

Na namba ya kiwandani nayo haitoshi. Ni sahihi kwa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, na pikapu za namna hiyo huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Nyingi zimeongezwa majani zibebe vitunguu vya Mang'ola, ndizi za Marangu au saruji. Nyuma ikishanyanyuka, shokapu ya urefu wa kiwandani inaanza kazi ikiwa imeshavutika. Kwa hiyo lazima kupima, na kupima kwenyewe ni hivi:

Gari lisimame tambarare, tupu. Pima katikati ya kikalio cha juu, pale shokapu inapofungwa kwenye chasisi, hadi katikati ya kikalio cha chini, cha kwenye ekseli. Tuseme umepata milimita 480. Kisha pima nafasi kati ya ile raba ya kugonga, iliyo kwenye chasisi kuzuia ekseli isiigonge, na pale inapogonga kwenye ekseli. Tuseme ni 90. Toa, unabaki na 390. Raba yenyewe hubonyea ikigongwa sana, toa nyingine 20. Basi shokapu ikibanwa mpaka mwisho isizidi 370. Zikiwa zimekaa mshazari hesabu hii inakupa akiba kidogo, haidhuru.

Sasa fungua shokapu zote mbili za ekseli hiyo, piga jeki, weka stendi imara chini ya chasisi, siyo matofali, ekseli ishuke yenyewe mpaka ining'inie. Hapo tazama paipu ya breki isivutike. Pima tena kikalio hadi kikalio. Ukipata 580, shokapu ikivutwa mpaka mwisho iwe 590 au 600. Namba hizi ni za mfano, usiende nazo dukani. Pima ya kwako.

Ikiwa fupi, shokapu inageuka kamba ya kuzuia ekseli. Kila shimo, uzito wa ekseli na tairi unaning'inia kwenye rodi: pistoni inagonga kifuniko cha juu, sili inayozuia oili isivuje inakufa, tundu linakatika kwenye weldingi au bolti inapinda. Ikiwa ndefu, inafika mwisho kabla ya raba kugonga, valvu ya chini inapondeka na kikalio kinapasuka kwenye chasisi. Halafu fundi anachomelea kikalio na kurudisha shokapu ileile! Hapo ndipo damu inapochemka.

Uongo mkubwa kuliko wote: "Weka shokapu ngumu, gari litabeba zaidi." SHOKAPU HAIBEBI MZIGO. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu inazuia springi isiendelee kuruka baada ya kutikiswa, basi. Ile ya gesi inasukuma kidogo kwenda juu, lakini siyo ya kubeba magunia. Nyuma ikilala, angalia jani lililokatika, senta bolti inayoshika majani pamoja iliyovunjika, bushi (raba za matundu ya bolti) za springi zilizoliwa. Kilichopo kweli ni kwamba springi ikiongezwa majani inarudi juu kwa nguvu zaidi, hivyo inataka shokapu yenye ukinzani zaidi wakati wa KUVUTIKA. Ukizidisha ugumu wa kubana, pikapu tupu itarukaruka mkia kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi mpaka usukani ukose maana.

Gesi au oili? Wauzaji wanasema gesi ni bora, nukta. Swali la maana ni bomba moja au mabomba mawili. Ya mabomba mawili inavumilia jiwe likiibonyeza ubavuni, kwa sababu pistoni inatembea kwenye bomba la ndani. Ya bomba moja inapoa haraka kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje, lakini ikibonyea tu pistoni inakwama na habari yake imekwisha. Kwa shokapu za kampuni ya KYB, Excel-G ni mabomba mawili yenye gesi, Gas-A-Just ni bomba moja. Oili tupu bila gesi inatoa povu mapema kwenye mawimbi marefu kama ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Natron, na povu halina ukinzani. Kwa pikapu ya mizigo inayopita lami na vumbi, mabomba mawili yenye gesi, rodi nene, inatosha kabisa. Bomba moja ni ya anayekimbia vumbi kutwa nzima na yuko tayari kuilinda na mawe.

Feki sasa. Boksi linang'aa, jina ni la Kijapani, namba ya kwenye boksi hailingani na iliyogongwa kwenye bomba. Rodi nyembamba kuliko ya zamani, weldingi ya tundu kama imeshonwa gizani. Ukiomba kuijaribu unaambiwa "ukifungua umenunua". Kwa nini? Isimamishe wima, vuta na sukuma mara tano. Ukinzani uwe laini mwanzo hadi mwisho, pasiwe na sehemu ya bure, na kuvuta kuwe kugumu kuliko kusukuma. Ya gesi ukikata mkanda inapanda yenyewe. Isiyopanda irudishe hapohapo. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya spea. Wakiandika "spea" tu huna cha kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Za mtumba zilizopakwa rangi nyeusi siziongelei sana. Vuta kifuniko cha vumbi, tazama rodi. Ikiwa na mikwaruzo au oili mbichi, iache.

Na ile ya kutoboa, kujaza oili ya injini na kuziba kwa weldingi? Oili ya injini ni nzito kuliko ya shokapu, vipande vya weldingi vinaingia kwenye valvu, na gesi iliyokuwemo ndiyo imekwenda. Kuchomelea bomba lenye oili ndani kunaweza kumlipukia fundi usoni. Acheni.

Mafundi, na ninyi: msishike rodi kwa praizi, mkwaruzo mmoja unakata sili. Rodi ina bapa juu, shika hapo kwa spana. Nati ya juu kaza mpaka raba itanuke kufikia upana wa washa, isizidi. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukikaza ekseli ikining'inia, bushi inabaki imejinyonga na itapasuka. Bolti ikiwa nyembamba kuliko tundu la bushi, usiweke kipande cha bomba la maji, tafuta bushi ya saizi yake. Na zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli.

NYONGEZA kwa mkuu aliyeuliza atajuaje ipi imekufa: ukitoka barabara mbovu, simama, gusa kwa tahadhari mabomba ya ekseli moja. Zote ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo baridi kuliko mwenzake haifanyi kazi. Kubonyeza bodi kwa mkono hakusaidii kwenye pikapu, majani ni magumu na yanasuguana yenyewe.

Kwa aliyeuliza kuhusu breki kubadilika baada ya kunyanyua nyuma: Hilux nyingi zina valvu ya breki yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Gari likinyanyuka, valvu inadhani halina mzigo na inapunguza breki ya nyuma. Irekebishwe siku hiyohiyo unayofunga shokapu ndefu, kabla hujapakia.

Wenye maduka mnaosoma hapa: bandikeni kwenye kila boksi urefu ikivutwa, urefu ikibanwa, kipenyo cha bolti. Futi na kalipa ya kupimia kipenyo mnazo, au niwaletee?